Muulize Mpishi wa Melini: Jamaica kwa mfuko mwembamba

*Barua za wasomaji kuhusu safari. Anayejibu alipika kwenye meli za watalii miaka kumi na moja; siku hizi yuko nchi kavu na ana muda wa kusoma barua zenu.*

Shikamoo ami. Mimi na mume wangu tuko mwaka wa sita wa ndoa na hatujawahi kusafiri pamoja isipokuwa kwenda kwenye misiba na harusi za watu. Tumeweka akiba miaka mitatu, tukakubaliana twende Jamaica mwezi wa Mei. Tiketi tumeshazitengea pesa. Za kutumia huko ni dola 1,500 za Marekani kwa siku kumi, na haitaongezeka hata senti. Mume wangu anataka akodi gari azunguke kisiwa kizima, aanzie Montego Bay na kumalizia hapo hapo. Mimi nataka bahari na chakula, kile wanachokula wenyewe, si cha kuwekewa mezani hotelini. Wakala mmoja wa safari anatuambia tuchukue hoteli ya kulipia kila kitu kwa mkupuo, maana nje ya geti eti ni ghali na ni hatari. Nimsikilize nani? Tulale wapi, tupande nini, tule nini?
— *Mpenda Ufuo, Tanga*

Marahaba mwanangu. Nianze na aibu yangu. Jamaica nimefika mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kwa miaka yote hiyo sikuijua. Meli ilikuwa ikifunga gati Falmouth asubuhi na kung'oa nanga jioni, nami niko chini jikoni namenya viazi vya watu elfu kadhaa. Kitu pekee cha Jamaica kilichonifikia ni moshi. Siku moja nimepanda juu kupunga upepo, saa nne asubuhi, ukapita moshi unaonukia kama karafuu iliyoangukia makaa, na pilipili nyuma yake. Nikamuuliza kijana wa gatini ni nini kinaungua. Akacheka. Hakiungui kitu, mzee, watu wanachoma kuku.

Basi Mei 2023, nikiwa nimeshatundika aproni, nilirudi na mke wangu kwa nauli yetu wenyewe. Na tukafanya hasa anachokitaka mumeo. Tukashuka Montego Bay, tukaenda Negril, tukateremka pwani ya kusini hadi Treasure Beach, tukapanda Kingston, tukamalizia Port Antonio. Siku tisa, na tatu kati ya hizo tulizimaliza tumekaa garini magoti yakigusa kidevu. Kisiwa kina urefu wa kilomita 235 hivi; ukikitazama kwenye ramani unaona ni cha kwenda asubuhi na kurudi jioni. Lakini ukiiacha ile barabara kuu ya kulipia inayotoka Kingston, ni kona, milima, mashimo, na mbuzi waliojilalia katikati ya lami kama waliokata kiwanja. Na gari la kukodi lina lake: kabla hujalipia hata siku moja, wanakuzuilia dhamana kwenye kadi. Kwa mtu mwenye dola 1,500, fedha hiyo iliyofungwa ni chakula chake cha siku nyingi.

Kwa hiyo mwambie mumeo, kwa upole, kisiwa hakikimbii. Chagueni ncha moja mkae. Mimi nawachagulia mashariki, mkoa wa Portland, na mji wa Port Antonio.

Tafuteni ndege inayotua Kingston badala ya Montego Bay. Kutoka Kingston hadi Port Antonio ni kama kilomita mia, basi dogo linapanda milima, linapita Castleton kwenye bustani ya zamani ya mimea, linashukia baharini Annotto Bay, halafu linafuata ufuo hadi mwisho. Hesabuni saa tatu. Anayelala garini akipita njia hiyo simwelewi. Lakini Portland ndiyo sehemu inayonyeshewa kuliko zote Jamaica, na Mei ni mwezi wa mvua, kwa hiyo mtalowa. Mvua yenyewe hiyo ndiyo inayoshusha bei za vyumba. Msimu wa ghali ni katikati ya Desemba hadi katikati ya Aprili, na wa vimbunga ni Juni hadi Novemba. Nyinyi mmepenya katikati.

Kuhusu magharibi na kusini, kuna jambo la kujua. Tarehe 28 Oktoba 2025 kimbunga Melissa kiliingia nchi kavu mkoani Westmoreland kikiwa cha daraja la 5, la juu kabisa. Mji wa Black River ulipondwa, na vijiji vya wavuvi vya mkoa jirani wa St Elizabeth viliumia vibaya. Pale ndipo nilipokula chakula kitamu kuliko chote cha safari ile. Kwenye barabara ya Savanna-la-Mar kwenda Black River, mpakani mwa mikoa miwili, kulikuwa na safu ya vibanda vya samaki wa kukaanga na bammy, mkate wao wa muhogo, mahali wanapopaita Border tu. Na ukishapita Black River, Middle Quarters, akina mama walikuwa wakisimama barabarani na vifuko vya kamba wa mtoni waliochemshwa kwa pilipili, wekundu kama lipstiki. Unawala na maganda, machozi yanakutoka, unanunua kifuko cha pili. Mkitaka kwenda huko, pigeni simu nyumba ya wageni yenyewe kwanza mjue hali ikoje. Msitegemee picha za zamani mtandaoni.

Sasa huyo wakala. Si mwongo wote. Kuna mitaa Jamaica, hasa Kingston na Montego Bay, ambayo hata wenyeji hawapiti usiku, na mgeni hana la kufanya huko. Lakini Port Antonio ni mji mdogo wa sokoni. Mwenye nyumba mtakayolala atawaambia kona ipi iachwe giza likiingia, nanyi mumsikilize. Hilo la ughali ndipo alipowapotosha. Hoteli ya mkupuo mnalipia chakula cha siku nzima, na wewe umeniambia chakula unachokitaka kiko nje ya geti. Utalipia mara mbili.

Cha kupanda ni teksi za ruti. Ni gari dogo la kawaida lenye namba nyekundu, linakwenda njia yake ile ile siku nzima, nauli inajulikana, na nyuma mnakaa wanne hata kama mmoja wenu ni mama mwenye kapu la viazi vikuu. Mtu wa Tanga hahitaji kufundishwa. Mkiingia, salimieni gari zima. Usiku salamu yenyewe ni "good night", na inasemwa wakati wa kufika. Mke wangu alidhani wanamuaga, akataka kushuka. Mkikaribia, semeni "one stop, driver". Jambo moja tu la kuangalia: gari likiwa tupu na dereva akiwaita kwa bashasha, ulizeni kama ni nauli ya ruti au "charter". Charter maana yake mmelikodi gari zima, na mtalipa hivyo. Lisilo na namba nyekundu msipande.

Pesa badilisheni iwe dola ya Jamaica, mlipe kwa hiyo. Tulipokwenda dola moja ya Marekani ilikuwa kama 155 za kwao. Bei ikitajwa, ulizeni ni dola ya nani. Sisi hatukuuliza, na hapa naomba nikae kidogo maana jeraha bado bichi.

Ilikuwa Hellshire, ufuo wa karibu na Portmore, unaokwenda ukitokea Kingston. Bahari imeula mchanga mwingi, lakini samaki wa kukaanga bado ndio wanaopeleka watu. Tulifika na njaa, na hilo ndilo lilikuwa kosa la kwanza. Mama wa kibandani akafunua boksi la barafu, wamejipanga changu wekundu wenye macho maangavu, nami kwa ujuaji wangu wa upishi nikanyoosha kidole kwa wawili wakubwa kabisa. Uzito sikuuliza, wala bei. Wakachanjwa ubavuni, wakatiwa chumvi na pilipili manga, wakatumbukizwa kwenye mafuta mengi hadi mapezi yakawa yanavunjika kama biskuti. Juu wakamwagiwa siki iliyolowekwa vitunguu, karoti na pilipili mbuzi ya kwao inayoitwa Scotch bonnet. Hiyo ndiyo escovitch. Pembeni festival, ambayo ukiifikiria kama hamri refu la unga wa ngano na wa mahindi hujakosea sana. Tulikula kimya. Bili ilipokuja ilizidi chakula chetu cha siku tatu zilizotangulia. Mke wangu, ambaye maisha yake yote ananunua samaki kwa mnada na hajawahi kupunjwa, hakusema neno. Alinitazama tu, kisha akalipa yeye.

Samaki Jamaica huuzwa kwa ratili. Achaguliwe, apimwe mbele yenu, itajwe bei na itajwe dola, ndipo aende kwenye mafuta. Na kwa kuwa mnakwenda Mei, mtu akiwaletea kamba koche kwa siri, mkatae: kuanzia Aprili 1 hadi Juni 30 kuvua na kuuza kamba koche ni marufuku ili wazaane.

Chakula chenu cha kila siku kitoke kwenye "cookshop", kibanda cha mama ntilie wa kwao. Kanuni yangu ni ile ile ya bandari zote: saa sita mchana angalia madereva wa teksi wanaegesha wapi. Sufuria zikiisha, hakuna tena, kwa hiyo msichelewe hadi saa tisa. Mlo unafungwa kwenye boksi, wali, nyama au samaki, kachumbari kidogo ya kabichi, na tulikuwa tukilipa kati ya dola 700 na 1,000 za Jamaica. Boksi moja lilitutosha wawili siku zile tulizokuwa tumekunywa madafu mengi. Asubuhi, mkate wenye nyama unaoitwa patty, wa rangi ya manjano unaopukutika. Vijana wanautia ndani ya mkate mwingine mtamu, "coco bread", wanga ndani ya wanga, na mtu anashiba hadi alasiri.

Wewe utakayetafuta chakula cha ajabu, jiandae kucheka. Port Antonio, karibu na soko la Musgrave, mke wangu aliona neno callaloo ubaoni, akaagiza kwa kiherehere. Kikaja kibakuli cha mchicha. Mchicha huu huu, umekaangwa kwa vitunguu na nyanya. Akauonja, akaomba kujua pilipili imetiwa saa ngapi, mpishi akamwambia haikukatwa, imewekwa nzima juu ya sufuria inatoa harufu tu, na ole wake atakayeipasua. Kuanzia hapo hao wawili hawakunihitaji. Rice and peas ni wali wa nazi na maharage, chakula cha Jumapili. Rundown ni samaki wa chumvi kwenye tui lililopikwa hadi likakatika mafuta. Bammy ni ule mkate wa muhogo, ulioachwa na Wataino, wenyeji wa kisiwa kabla ya Wahispania. Unalowekwa kwenye tui ndipo unakaangwa. Hata shelisheli wanalo. Lilipelekwa kutoka bahari ya Pasifiki mwaka 1793 ili liwe chakula rahisi cha watumwa kwenye mashamba ya miwa, nao leo wanalichoma zima kwenye makaa hadi ganda liwe jeusi, wanalimenya, wanalila na siagi. Nilikaa kwenye benchi na kipande cha moto mkononi nikawaza mengi ambayo si ya safu hii.

Jambo ambalo kwetu hatuna ni jerk, na mahali pake ni Boston Bay, teksi moja tu kutoka Port Antonio. Maroon, watumwa waliotoroka wakakimbilia milima ile ile inayoonekana nyuma ya ufuo, walikuwa wakikausha nguruwe mwitu kwa viungo na moshi. Leo ni kuku na nguruwe, juu ya vijiti vibichi vya mti wa pimento, vimetandazwa juu ya makaa, na juu ya nyama linafunikwa bati la kuezekea. Punje za mti huo ndizo zile zinazonukia karafuu, mdalasini na kungumanga kwa mpigo. Mchomaji akifunua bati, moshi unapanda wote kwa pamoja, na mimi nikasimama pale kama mtoto, maana ndio ule wa gatini Falmouth. Ulinichukua miaka kumi na miwili kuufuata hadi kwenye makaa yake.

Bahari yenyewe haitawagharimu sana. Jamaica fukwe nyingi zina mwenyewe, na kuingia ni kwa kiingilio, hata pale pazuri pa Frenchman's Cove, ambapo mto baridi unaingia baharini mchangani kabisa. Lakini ufuo wa Winnifred, karibu na Boston, ni wa bure. Wanakijiji walikwenda mahakamani kuupigania usifungwe, na wanaomba mchango mdogo tu wa usafi. Nendeni siku ya kazi. Jumapili unakuwa umejaa familia na maspika, nasi tuliipenda zaidi hiyo, basi mtaamua. Blue Lagoon nendeni mkaogelee mara moja, muone maajabu ya maji ya baridi ya chemchemi kukutana na bahari ya uvuguvugu. Wenye mashua watawazonga. Mtu akishasema "hapana, asante" mara moja kwa tabasamu, wanaelewa.

Starehe moja tu ya ghali nawaruhusu: kushuka mto Rio Grande kwa chelezo cha mianzi. Zamani vilibeba ndizi kupeleka bandarini. Kinakaa watu wawili nyuma, mwenye upondo mbele, na bei ni ya chelezo, si ya kichwa. Safari yenyewe inachukua saa mbili na nusu hadi tatu. Njiani kuna akina mama wanaopika kwa kuni ukingoni. Mwambieni mwenye upondo asimame.

Hesabu yenu: chumba chenye jiko kwenye nyumba ya wageni sisi tulipata kwa dola 55 za Marekani, wekeni 60, kwa hiyo 600. Chakula 30 kwa siku wawili, ni 300, na hapo mnakula vizuri. Teksi na mabasi 150 kwa siku zote. Mto tengeni 120. Zinabaki kama 330, na hizo msizigawe mapema, ziacheni chini ya begi.

Kabla ya yote hayo, angalieni mnapitia nchi gani. Mara nyingi kinachowakwamisha watu wetu si Jamaica yenyewe, ni viza ya kupita Marekani, Uingereza au Kanada. Kadi ya homa ya manjano iwe mkononi, na fomu ya uhamiaji na forodha ya Jamaica jazeni mtandaoni kwenye tovuti ya serikali. Ni bure, anayewatoza anawala.

Assalam alaykum ami. Sisi ni Waislamu, tunawaza Jamaica lakini nasikia nguruwe kila mahali. Tutakula nini?
— *Mume wa Mtu, Mombasa*

Waalaykum salaam. Mimi pia, na sikukonda. Tatizo liko kwenye jerk: mara nyingi kuku na nguruwe wako kwenye makaa mamoja, na kisu ni kimoja. Boston Bay mke wangu alikataa kabisa hadi tukapata mchomaji wa kuku na samaki tu, pembeni. Kwingine kimbilieni samaki, na chakula cha Marasta kinachoitwa "ital": mboga, kunde, tui la nazi, nyama hakuna, na mara nyingi hata chumvi hakuna. Waadventista wa Sabato nao ni wengi kisiwani na hawali nguruwe, kwa hiyo mkimpata mama ntilie Msabato mmepata jiko, ila Jumamosi hafungui jiko. Kuku wa halali hasa ni wa kutafuta. Sisi tuliishi kwa samaki na mayai.

Ami, mume wangu anasema Jamaica bangi ni ruksa.
— *Sitaki Kesi, Morogoro*

Mumeo amesikia nusu. Sheria ilibadilishwa 2015: ukikutwa na isiyozidi aunsi mbili, kama gramu 56, si jinai tena ila unaandikiwa faini. Kuvuta hadharani bado ni kosa, na kutoka nayo uwanja wa ndege ni kesi kubwa. Mwambie anywe dafu.

Nasikia ackee ni sumu, tena ndicho chakula chao cha taifa. Kweli?
— *Mwoga, Kilwa*

Kweli zote mbili. Tunda la ackee ni ukoo mmoja na shokishoki, asili yake Afrika Magharibi. Likiwa bado limefumba lina sumu inayoshusha sukari mwilini na inaua. Likiiva linapasuka lenyewe mtini, linatoa mbegu tatu nyeusi zinazong'aa na nyama ya rangi ya krimu. Nyama hiyo tu ndiyo inayosafishwa, inachemshwa, maji yanamwagwa, kisha inakaangwa na samaki wa chumvi, vitunguu na pilipili. Ukiitazama sahanini utaapa ni mayai ya kuvuruga. Kula kwa mpishi aliyekula yeye kwanza asubuhi hiyo. Ila lile uliloliona sokoni bado limefumba, usilinunue ukajaribu chumbani, hata mwenye nyumba akikuazima sufuria.